Kalafati: niliyojifunza Ujiji kuhusu mwanya, pamba na maji

Kwenye mialo ya Kigoma, yaani fukwe za Ziwa Tanganyika ambako vyombo vya uvuvi hutia nanga na kupandishwa, siku hizi neno kalafati linasikika kwa nadra. Ukipita Kibirizi au Katonga ukamkuta kijana amechuchumaa chini ya ubavu wa mtumbwi wa mbao, nyundo mkononi, ukamuuliza anafanya nini, atakujibu "napiga pamba" au kwa kifupi "naziba". Wazee wa Ujiji ndio bado wanasema kalafati. Mimi nilikuzwa kazini na mmoja wao, baba yangu mkubwa, na neno lake nimelishikilia kwa sababu linabeba jambo ambalo kuziba hakulibebi. Tundu la msumari linazibwa, na likishazibwa halina habari tena. Mwanya ulio kati ya mbao mbili za chombo hauko hivyo. Chombo kikiwa juani unapanuka, kikiwa majini unabana, na utakachokiweka humo ndani lazima kikubali kubanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa, miaka na miaka, bila kutoka.

Hiyo ndiyo kalafati. Neno hilohilo linataja kazi yenyewe, linataja pamba au nyuzi zinazoshindiliwa, na ndilo kitenzi: unakalafati mashua, mashua inakalafatiwa, na mashua ambayo kingo za mbao zake zimeoza haikalafatiki tena hata umlete fundi gani. Ni neno la watu wa vyombo popote walipo. Waarabu wanalo, Waturuki wanalo, Wareno, Wahispania na Waitaliano wanalo, kila mmoja kwa matamshi yake. Kwetu lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara.

Mtumbwi wa asili wa Ziwa Tanganyika ulichongwa katika gogo moja, na gogo halina mwanya. Mpaka lipasuke ndipo utafute cha kulizibia. Haja ya kalafati inaanza pale chombo kinapoundwa kwa mbao zilizounganishwa. Burton na Speke, wasafiri Waingereza, walipofika Ujiji mwaka 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshatulia hapa, na Speke alilazimika kuvuka ziwa hadi ng'ambo kwenda kutafuta jahazi la Mwarabu mmoja ili walikodi. Jahazi haliendi bila kalafati. Kwa hiyo enzi hizo, kabla ya reli na kabla ya Mjerumani, kulikuwa tayari na mtu kando ya ziwa hili aliyejua kusokota pamba na kuishindilia. Jina lake halikuandikwa popote. Waandishi wa safari wamewataja wenye vyombo na kuwasahau waliofanya vyombo vielee, na mimi jambo hilo huniuma kila nisomapo habari za Ujiji.

Kuna tofauti moja kati ya kazi ya pwani na ya huku. Baharini fundi ana adui wa ziada, mdudu anayetoboa mbao chini ya maji, ndiyo maana wenzetu hupaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya wanyama. Ziwa letu ni la maji baridi, mdudu yule hayupo. Hapa adui ni jua.

Baba mkubwa hakunipa nyundo mapema. Nilipomaliza shule ya msingi nikaanza kumfuata ufukweni, kazi niliyopewa ilikuwa kufukua. Alikuwa na kulabu aliyoitengeneza kwa ncha ya tupa iliyokunjwa motoni, nami naipitisha polepole kwenye mwanya, navuta pamba kuukuu. Mtu anaweza kudhani hiyo ni kazi ya mtoto. Kumbe ndipo fundi anapousoma ugonjwa. Pamba ikitoka nyeusi, imelegea, inanuka matope, hapo ndipo maji yalipokuwa yanapita. Ikitoka nyeupe na ngumu, yenye rangi ya zamani juu yake, mwanya huo ni mzima.

Siku moja nilimwambia, "Baba mkubwa, si tuifukue yote tu, tupige mpya kila mahali?"

"Hapana, mwanangu. Mwanya mzima hauguswi," akasema. "Kila ukifukua unakula kingo za ubao. Fukua leo, fukua mwakani, mwishowe huna mwanya tena, una mfereji. Na mfereji hata uweke gunia zima la pamba haushiki."

Nimekuja kuliona hilo kwa macho yangu kwenye vyombo vilivyopitia mikono mingi. Mbao bado ni za mninga, nzuri kabisa, lakini kingo zimeliwa na patasi za watu wenye haraka, na kati ya ubao na ubao kidole kinaingia. Chombo cha namna hiyo hakiponi kwa pamba. Kinahitaji kipande chembamba cha ubao kiingizwe na kugongomewa kwenye mwanya kwanza, au ubao ubadilishwe.

Mwanya mzuri una umbo lake, na umbo hilo linaamuliwa na anayeunda chombo, kabla mpiga kalafati hajafika. Upande wa ndani mbao zinagusana kabisa. Upande wa nje zinaachana kidogo, kwa sababu fundi amepunguza pembe ya ubao kwa randa. Kwa hiyo ukiutazama mwanya kwenye kichwa cha ubao unaona pembe tatu nyembamba, wazi nje, imefungwa ndani. Pamba inaposhindiliwa kutoka nje inabanwa kadiri inavyoingia, na haiwezi kutokea ndani. Vyombo vingi vinavyovuja mapema havina kosa la kalafati hata kidogo. Seremala aliacha mbao wima, pande zote sawa, na pamba inapita moja kwa moja mpaka kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo. Fundi wa kalafati analaumiwa kwa dhambi ya randa.

Sasa pamba. Baba mkubwa alikuwa ananunua pamba ghafi, ile isiyosokotwa, na anaikagua kwa kuivuta kati ya vidole kuona urefu wa nyuzi. Nyuzi fupi zinakatika ndani ya mwanya. Anaketi kwenye kigogo, suruali ameipandisha, anachukua fungu, analivuta kwa mkono wa kushoto huku kiganja cha kulia kinaliviringisha juu ya paja, linatoka uzi mnene, laini, usiokazwa sana. Unene haulingani tangu mwanzo hadi mwisho. Anautazama mwanya ulio mbele yake, anajua hapa umepanuka na pale umebana, na mkono wake unaongeza au kupunguza pamba kulingana na safari ya mwanya huo. Nilimwangalia mara nyingi nikawa sielewi anapimaje, maana hakuwa akitumia kipimo chochote. Nilipoanza kuviringisha mwenyewe nikatambua kwamba jicho linaangalia ubao na paja ndilo linalohesabu.

Uzi ukiwa tayari haupachikwi ukiwa umenyooka. Unaukunja vijikunjo vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, kila kikunjo unakisukuma kwa ncha ya patasi butu. Mahali mwanya umepanuka, vikunjo vinakaribiana. Umebana, vinaachana, na pengine uzi unapita bila kikunjo. Hii ndiyo siri ya kazi yote, kama kuna siri. Vikunjo vinaipa pamba akiba. Ubao ukijivuta, pamba inayo nafasi ya kufuata.

Halafu ndipo nyundo inapoingia, na hiyo ni nyundo ya mti, haina chuma. Patasi haina makali, mdomo wake ni mpana na butu, kazi yake ni kusukuma wala si kukata. Unapita mara ya kwanza kwa mapigo mepesi, kulaza tu. Unarudi mara ya pili kwa mapigo ya kushindilia. Na hapo sikio linachukua kazi. Pamba ikiwa bado inaenda, mlio ni wa chini, umezimika, kama unagonga mkeka. Ikifika mahali pake mlio unapanda, unakuwa mkavu na wazi, na mkono unahisi patasi inarudishwa. Ukisikia hivyo, acha. Pigo moja la ziada si ushindi. Kwa ubao wa inchi moja, pamba ikiisha kulala inatakiwa ishike karibu nusu ya kina cha mwanya, na juu yake pabaki nafasi ya rangi na pati.

Rangi inakuja mara mbili. Kabla ya pamba unapitisha brashi nyembamba ndani ya mwanya mkavu ili kingo za ubao zisinyonye mafuta ya pati baadaye. Baada ya pamba unapaka tena, rangi inalowa kwenye nyuzi na kuzifunga. Kisha pati. Pati nzuri inapondwa kwa chaki na mafuta ya kitani, ambayo yana tabia ya kukauka yenyewe hewani na kuwa ngozi. Kigoma ni mkoa wa michikichi, mawese hayakosekani kwenye nyumba yoyote, na kila baada ya muda anatokea mtu anayefikiri atapunguza gharama kwa kupondea chaki kwenye mawese. Hayakauki. Mwezi mzima utabonyeza kwa kidole na kidole kitaacha alama. Mawese yana kazi zake tele, hii si mojawapo.

Kazi hii ina kalenda yake, nayo iko angani. Dagaa na migebuka huvuliwa kwa taa usiku wa giza; zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, kwa hiyo siku za mbalamwezi vyombo vingi vinapumzika ufukweni na wavuvi wanatengeneza nyavu. Ndizo zilikuwa siku zetu za kula. Baba mkubwa alikuwa anajua mapema ni chombo gani kitapandishwa, kwa kumsikiliza tu mtu anayekumba maji. "Yule wa jana alikuwa anakumba mara moja mpaka wanafika," angesema. "Leo anakumba bila kupumzika. Mwezi huu atakuja." Na alikuwa anakuja.

Mapumziko ya mbalamwezi ni mafupi, ubao hauwahi kukauka hadi ndani. Chombo kinapanda na unyevu wake, kinakalafatiwa, kinashuka. Kwa hiyo kizazi chetu chote tulijifunza kalafati ya mbao zenye unyevu. Mwaka 2024 ndipo wengi walipokutana na kitu kingine.

Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka ule, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Mimi nilikubaliana na hatua hiyo na bado nakubaliana nayo. Anayeishi kwa ziwa anajua dagaa wamepungua. Lakini angalia miezi yenyewe. Mei mvua zinakatika, Juni hadi Agosti ni kiangazi kikavu, upepo wa kusini unapiga mchana kutwa. Vyombo vilipandishwa mchangani na kuachwa wazi miezi mitatu. Mninga ni mti mtulivu, hausogei sana, ulistahimili. Lakini vyombo vya siku hizi havijengwi kwa mninga peke yake, kuna mbao za kila namna, na nyingine zimepasuliwa mbichi. Ilipofika Julai, ukiingia ndani ya mtumbwi ukaangalia ubavuni, unaona mistari ya mwanga wa jua. Pamba ilikuwa inaning'inia nje, kwenye baadhi ya vyombo unaivuta kwa vidole viwili inatoka pima nzima bila kukatika.

Wenye vyombo wakaingiwa na hofu, na mimi siwashangai. Mtu ana mkopo, ana wafanyakazi wanamsubiri, na tarehe ya kurudi ziwani inajulikana. Mmoja wao, mtu ninayemheshimu, aliwaita vijana na kuwaambia wajaze mianya yote, wasiache mwanga upite. Wakafanya alivyotaka. Walishindilia pamba ya kutosha vyombo viwili, kwa nyundo ya chuma, mpaka patasi ikagoma kuingia. Juu wakaweka pati, wakaisawazisha na ubao, wakapaka rangi ya bluu. Nilipokipita kile chombo kilikuwa kinapendeza kuliko vyote pale mwaloni.

Kilishushwa majini. Usiku wa kwanza hakikuvuja hata tone, mwenyewe akawa anafurahi. Kisha mbao zikaanza kunywa maji na kuvimba, kama ilivyo desturi yake, zikatafuta nafasi ya kuvimbia na kukuta imejaa. Ubao hauna huruma ukivimba. Uliposhindwa kwenda kando, ukasukuma kwenda nje. Misumari ya karibu na mkuku, ubao wa uti wa chombo, ikavutwa, vichwa vikazama ndani ya mbao, ubao mmoja ukaachana na mataruma yake, yaani mbavu za chombo, na taruma moja likapasuka kwa urefu. Hapo sasa kilivuja kweli, na kwa njia ambayo kalafati haina dawa yake. Ilibidi kipandishwe, mbao zifunguliwe, taruma lichongwe jipya. Wenzake wakaenda ziwani, yeye akabaki ufukweni.

Nilipoitwa kukitazama, mwenye chombo aliniuliza swali la haki kabisa. "Fundi, niambie, mwanya ulikuwepo au haukuwepo?"

Ulikuwepo, lakini wa jua. Sehemu kubwa ya uwazi alioutazama ilikuwa ni ubao wenyewe umejikunyata, na ubao ungerudi wenyewe mara tu ukikutana na maji. Aliujaza wote, akasahau kwamba mwenye nafasi ile yuko njiani anarudi. Jambo hili baba mkubwa alikuwa amenieleza miaka mingi kabla, kwa habari ya chombo kilichokaa nchi kavu kwa sababu ya kesi ya mirathi, nikawa nalijua bila kulishika. Kuliona taruma lililopasuka kulinifanya nilishike.

Vyombo tulivyovishughulikia sisi msimu ule tulivianzia mbali. Kwanza kivuli: makuti, maturubai, chochote cha kuzuia jua la mchana. Pili magunia ya katani yaliyoloweshwa, yanatandazwa ndani na kumwagiwa maji asubuhi na jioni, ili mbao zianze kunywa taratibu. Baada ya hapo tukapiga pamba nyembamba, vikunjo vichache, nyundo nyepesi, kiasi cha kuzuia mchanga usiingie kwenye mwanya. Halafu chombo kikashushwa kwenye maji mafupi, kikafungwa, kikaachwa kijae. Ndiyo, kijae maji kabisa mpaka mdomoni. Watu walipita wakatucheka, wakasema mafundi wa Ujiji wanazamisha vyombo. Kila siku tulikumba na kuangalia yanarudi kwa kasi gani. Mahali palipojifunga penyewe hatukupagusa. Mahali palipoendelea kutoa maji hata baada ya mbao kuvimba, hapo ndipo palipokuwa na mwanya wa kweli, tukapaweka alama ya mkaa. Chombo kikapandishwa, kikapepewa kivulini uso tu ukauke, tukafukua kwenye alama peke yake na kukalafati kwa utaratibu wote.

Kazi ya namna hii hailipi vizuri kwa mtu anayelipwa kwa urefu wa mwanya alioujaza. Hilo ni tatizo la kweli, na sioni likizungumzwa. Mwenye chombo anamlipa fundi kwa pamba anayoiona, na fundi bora ndiye anayeweka pamba kidogo zaidi. Tangu mwaka ule mimi nakubaliana malipo kwa chombo, kikiwa kinaelea, na nawaomba mafundi wenzangu wa mialo mingine wafikirie hivyohivyo.

Mkate wangu wa kila siku, hata hivyo, si vyombo. Ni mabomba na ujenzi mdogo hapa mjini Kigoma, na kalafati imenifuata huko. Fundi bomba wa zamani anazungushia katani kwenye nyuzi za bomba la chuma kabla ya kukaza. Nyuzi za katani zinavimba zikilowa, na ndizo zinazozuia maji. Mgawo wa maji ukirefuka na bomba likakaa kavu kiangazi kizima, siku maji yanaporudi kila kiungo kinatoa machozi. Mwenye nyumba anapiga simu, fundi asiyejua anakuja na spana anakaza kwa nguvu zote, na kiungo cha chuma cha kutupwa kinapasuka. Mimi humwambia mteja asubiri mpaka kesho, aweke ndoo chini. Katani ikinywa, viungo vingi vinajifunga. Vitakavyobaki vinavuja ndivyo vya kufungua. Ile tepu nyeupe ya dukani haina tabia hiyo. Haivimbi wala haisinyai, kwa hiyo ikivuja siku ya kwanza itavuja siku zote, na hiyo unaifungua mara moja bila kusubiri.

Kwenye kuta pia. Pale Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, nilikutana na nyumba ya mama mmoja wa makamo, nyumba kuukuu ya tofali za kuchoma, ambayo wanawe waliiongezea jiko jipya ubavuni. Penye maungio ya ukuta wa zamani na mpya kulikuwa na ufa wa kwenda juu tangu msingini mpaka chini ya mabati. Kila mwaka baada ya masika anaita fundi, fundi anachanganya saruji, anajaza, anasawazisha na kupaka rangi. Kufikia Agosti ufa umerudi, mara nyingine pembeni kidogo ya ule wa kwanza.

"Mwanangu, hii saruji wanaiba?" aliniuliza.

"Hawaibi, mama. Kuta zako mbili hazitembei pamoja."

Udongo wa pale ni wa mfinyanzi, unavimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi. Ukuta wa zamani umeshakaa, msingi wake umetulia; jiko lina msingi mfupi, linapanda na kushuka na majira. Saruji ni ngumu, haivutiki, ukiitia kati ya vitu viwili vinavyosogea itapasuka au itapasua jirani yake. Nikafukua mwanya wote kwa patasi, nikaupa umbo lile la pembe tatu, nikashindilia kamba ya nyuzi ndani kwa nusu ya kina, na juu nikaweka silikoni inayovutika, ile inayokubali rangi. Nilimweleza mapema kwamba mstari utaonekana ukutani, hautapotea kama plasta. Alikubali, akasema mstari haumpi shida, maji ya mvua kwenye unga ndiyo yanampa shida. Mpaka leo maji hayaingii, na mstari upo.

Hata chuma kina kalafati yake. MV Liemba, meli yetu iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuletwa vipande vipande kwa meli na kwa reli mpaka Kigoma, ilifungwa kwa ribiti, yaani misumari ya chuma inayogongwa ikabanwa pande zote mbili. Ilishushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 baada ya mitambo yake kupakwa grisi nzito, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya. Kwenye meli za ribiti mabamba yanalaliana, na ili maji yasipite, ukingo wa bamba la juu unapigwa kwa patasi butu ya chuma mpaka unakaa kabisa juu ya bamba la chini. Hakuna pamba pale, chuma kinabanwa juu ya chuma. Lakini nchi nyingi wanaliita jambo hilo kwa neno lilelile la mbao na pamba, na ukishawahi kushika patasi butu unaelewa kwa nini: mkono ni uleule.

Sasa kuhusu vitu watu wanavyoshindilia siku hizi. Nyuzi za viroba zinapatikana bure, lakini ni plastiki, hazinywi maji, hazivimbi, na zinateleza. Zinafaa kwa dharura ya kufika nyumbani. Godoro chakavu linanyonya maji na kuyashikilia kwenye ubao mpaka ubao unaoza, nalikataza kabisa. Katani inashika vizuri ila inaoza upesi kuliko pamba kama haikulowekwa kwenye mafuta yanayokauka. Mabati ya makopo yanayogongomewa juu ya mwanya yanaficha kila kitu, na chini yake kuna unyevu unaokula ubao bila mtu kuona. Ukiyang'oa unakuta mbao zimekuwa unga. Lami ni nzuri juu ya pamba, ni mbaya badala ya pamba, maana juani inalainika na kutiririka. Silikoni haishiki kwenye ubao wenye maji. Nimejaribu nyingi kati ya hizi na nimerudi kwenye pamba ghafi.

Boti za faiba zinakuja, na wavuvi wanaozipata kwa mkopo hawatahitaji kalafati. Nawafurahia. Lakini mitumbwi ya mbao bado imejaa mialoni kutoka Kagunga hadi Sibwesa, na wenye uwezo wa kuikalafati ipasavyo wanazidi kupungua. Nina vijana wawili ninaowafundisha sasa. Wanaanza kwa kulabu, kama mimi.

Kwa mwenye chombo kitakachokaa nchi kavu muda mrefu, haya ndiyo ninayowaambia wateja wangu. Usikiache kifudifudi mchangani bila kivuli. Kilaze juu ya magogo hewa ipite chini, na juu weka makuti. Mwagia maji ndani angalau jioni. Usiruhusu mtu yeyote afukue mwanya wakati wa ukavu, hata akikuonyesha mwanga unapita. Wiki moja kabla ya kuingia ziwani kishushe kwenye maji mafupi, kijaze, weka mawe ndani kisiyumbishwe na mawimbi, na toa injini kabla. Weka alama panapovuja baada ya mbao kuvimba, wala si kabla. Na fundi akimaliza, pitisha kidole juu ya pati: inatakiwa iwe chini kidogo ya uso wa ubao. Ikiwa imelingana kabisa na ubao, mwambie apunguze, kwa sababu ubao utakapovimba utaisukuma nje.